Je, Walikosa Akili ama Walikosa Matumaini?

Katika mwaka 2019 gazeti la waganga liitwalo The Lancet Infectious Diseases lilitoa uchunguzi juu ya watu wa kwetu. Patrick Vinck na wenzake walikuwa wameuliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo katika Septemba 2018, Ebola ilipokuwa imetangazwa mwezi mmoja tu. Ndugu wasomaji, ni vema tuupime uchunguzi huo, kwani unatuhusu sisi mapadri na makatekista kuliko tunavyozani.

Kwanza tuwape sifa yao. Siku zile tulisikia mara nyingi kwamba watu wa hapa wana kichwa kigumu. Wachunguzi hawa hawakutukana, waliuliza. Walikuta kwamba robo nzima, 25,5 kwa mia, waliona Ebola haiko. Kisha walikuta jambo zito zaidi: 31,9 kwa mia tu, hata mmoja kwa watatu hafiki, waliamini kwamba wakubwa wa pale wanawatafutia faida yao. Na wale wasiowatumaini wakubwa ndio waliokuwa wepesi kukataa chanjo na kukaa mbali na hospitali. Basi mzizi si ujinga peke yake. Neno hilo ni la kweli, nasi twalishukuru.

Lakini uchunguzi una upungufu, sherti tuutaje.

Upungufu wa kwanza ni jina. Maneno ya watu yanaitwa habari zisizo za kweli. Kweli, Ebola ilikuwako: ilipomalizika tarehe 25 Juni 2020, watu 3.470 walikuwa wameugua, na 2.287 kati yao walikufa. Anayesema haikuwako anakosea, tusimdanganye kwa kumpendeza. Lakini tangu Oktoba 2014 watu wa Beni waliuawa, wakalia, na mauaji hayakukoma. Ebola ilipoingia, magari na feza vikaja upesi. Mtu akiuliza: kwa nini leo, na si wakati ule? Hilo si uongo. Ni swali, nalo lataka jibu.

Upungufu wa pili ni wakati. Tarehe 26 Desemba 2018 uchaguzi wa Beni na Butembo uliahirishwa mpaka Machi 2019, kwa sababu ya Ebola na usalama, lakini masoko na makanisa yalikuwa wazi. Kesho yake watu wenye hasira walishambulia kituo cha wagonjwa mjini Beni. Katika Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili mganga Richard Mouzoko, mtu wa Kameruni, aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo. Uovu huo hauna uzuru. Lakini hesabu za Septemba hazikuweza kuonyesha jinsi mashaka yalivyogeuka hasira. Tena tarehe 28 Septemba 2021 tume iliyoundwa na OMS yenyewe ilitaja washukiwa 83 wa kuwadhulumu wanawake katika kazi ile ya Ebola, na 21 kati yao walikuwa watumishi wa OMS. Tuseme nini basi? Si kila shaka lilizaliwa na uvumi.

Upungufu wa tatu si kosa lao, ni mpaka wa kazi yao. Hesabu yatuambia wangapi hawakusadiki. Haituambii namna ya kusema na mama aliyeona mtoto wake akizikwa na watu waliofunikwa uso, naye asimguse. Wala haituambii namna ya kumrudisha kati ya jirani mtu aliyepona, ambaye hakuna anayetaka kunywa naye kikombe kimoja. Hapo kazi ni yetu. Na sisi tulifanya nini? Mara nyingi tulisoma tangazo mwisho wa Misa: naweni mikono. Tangazo lilikuwa la lazima, lakini tangazo halikai matangani. Katekista anayejua kila nyumba na kusema Kinande cha wenyeji, tulimtuma mara ngapi akasikilize tu, kabla ya kufundisha?

Ugonjwa ulirudi upande wa Butembo katika Februari 2021, ukarudi Beni katika Oktoba ya mwaka uleule. Unaweza kurudi tena. Mtume Tomaso hakusadiki, na Bwana hakumfukuza: alikuja karibu, akamwonyesha madonda yake. Asiyekubali kuonyesha madonda yake, na makosa yake mwenyewe, asitake watu wamsadiki.