Mwamba Ngoma: Maoni Juu ya Kitabu cha Annapurna

Wahenga walisema kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Methali hii yafaa kukumbukwa na kila asomaye kitabu cha safari kilichotungwa na kiongozi wa safari yenyewe. Katika vitabu vya namna hiyo ni vichache vilivyosomwa na watu wengi kama Annapurna, kilichotungwa na Mfaransa Maurice Herzog na kuchapishwa mwaka 1951. Kitabu hiki kimewasisimua vijana wa nchi nyingi. Katika insha hii nataka kukipima: kwanza uzuri wake, kisha upungufu wake, na mwisho jinsi kinavyostahili kusomwa.

Hatuna budi kwanza kuujua mlima wenyewe. Annapurna uko katika nchi ya Nepal, katika safu ya Himalaya, na urefu wake ni mita 8,091. Kilimanjaro, ulio mrefu kupita milima yote ya Afrika, una mita 5,895. Lau ungetwikwa juu yake mlima mwingine wa mita 2,000, Annapurna ungeuzidi bado. Katika kimo hicho kila pumzi huingiza kifuani kama theluthi moja tu ya oksijeni aipatayo mtu aliyesimama ufukweni Mombasa. Akili huwa nzito, chakula hakitamaniki, na damu huvikimbia vidole. Mwaka 1924 Waingereza wawili, George Mallory na Andrew Irvine, walipotelea karibu na kilele cha Everest, na hata leo haijathibitika kama walifika juu kabla ya kufa. Hata ulipoingia mwaka 1950, hapakuwa na mlima wowote uzidio mita 8,000 ambao ulijulikana kuwa umekwisha kupandwa hadi kileleni. Tarehe 3 Juni mwaka huo Herzog na mwenzake Louis Lachenal walifika kilele cha Annapurna bila ya kutumia mitungi ya oksijeni.

Uzuri wa kwanza wa kitabu hiki ni habari za kuutafuta mlima. Msomaji hudhani kwamba mtu aendaye kupanda mlima huujua ulipo. Sivyo ilivyokuwa. Nepal ilikuwa imefungiwa wageni kwa miaka mingi, na ramani walizochukua Wafaransa zilikuwa na makosa makubwa: zilionyesha njia pasipo na njia, na mahali penye ukuta wa mawe zilionyesha bonde. Kwanza waliuchunguza mlima Dhaulagiri, wakakata tamaa. Kisha wakahangaika kwa majuma wakiutafuta mguu wa Annapurna, ilhali kila siku iliyopita ilizileta karibu mvua za monsuni, ambazo zikianza hugeuza miteremko yote kuwa maporomoko ya theluji. Hapa Herzog hajitukuzi. Anaeleza kubahatisha, kurudi nyuma na kuanza tena, na kwa njia hiyo msomaji anafundishwa kwamba kazi kubwa huanza kwa kutojua.

Uzuri wa pili, nao ni mkubwa zaidi, ni habari za kushuka. Muda mfupi baada ya kuondoka kileleni Herzog alivua glavu zake ili afungue mfuko, nazo zikabingirika zikapotea mtelemkoni. Mfukoni alikuwa na soksi za akiba ambazo angaliweza kuzivaa mikononi, lakini wazo hilo halikumjia kabisa. Jambo hili dogo laonyesha hatari ya kimo kikubwa kuliko kurasa kumi za maelezo ya kitaalamu, maana twaona jinsi mtu mwerevu anavyonyang'anywa akili yake pasipo yeye kujua. Wenzao Lionel Terray na Gaston Rébuffat, waliokuwa wakingoja zamu yao ya kupanda, waliiacha nafasi hiyo ili wawaokoe. Siku ya pili wote wanne walipotea katika dhoruba, wakalala ndani ya ufa wa barafu, na asubuhi theluji ikawaporomokea na kuvifukia viatu vyao. Yaliyofuata ni safari ya majuma mengi, majeruhi wakibebwa migongoni na katika machela, huku daktari Jacques Oudot akivikata vidole vilivyokufa kwa baridi. Herzog alipoteza vidole vya mikono na vya miguu. Lachenal alipoteza vidole vyote vya miguu. Kurasa hizi hazina pambo, na hakuna azisomaye akaendelea kudhani kwamba ushujaa ni mchezo.

Sasa na tutazame upungufu. Herzog anapofika kileleni, maneno yake hubadilika. Anasimulia furaha iliyomjaa, na jinsi alivyojiona kama yumo katika ndoto nje ya dunia hii. Lugha yake ni tamu, lakini hapana budi tuulize: shahidi huyu ni wa namna gani? Ni mtu aliyekosa oksijeni, aliyechoka mno, na aliyemeza vidonge vya kuuchangamsha mwili. Furaha ile huenda ilikuwa dalili ya hatari, wala si tuzo ya ushindi. Mwandishi aliisimulia miezi michache baadaye, akiwa kitandani hospitalini, bila ya kuipima tena.

Kando ya furaha hiyo kuna swali ambalo wasomaji wengi wamelipita mbio. Siku ile Lachenal, akihisi miguu yake inakufa, alimwuliza Herzog angefanya nini kama yeye angerudi. Herzog akajibu kwamba angeendelea peke yake. Ndipo Lachenal akasema kwamba atamfuata. Haya yamo katika kitabu chenyewe, ila mwandishi anayataja na kusonga mbele kama mtu arukaye kijito. Lachenal alikuwa kiongozi wa wapanda milima kwa kazi yake, na miguu ndiyo iliyompa mkate. Alijua vizuri alichokuwa akikitoa.

Je, yeye mwenyewe alisemaje? Kwa muda mrefu haikuwezekana kujua. Kabla ya kuondoka Paris wanachama wa safari waliapa kumtii kiongozi wao, na tena walifunga mkataba kwamba kwa miaka mitano hakuna mwingine ila yeye atakayechapisha habari zake. Mwaka 1955 Lachenal alitumbukia katika ufa wa barafu akiteleza kwa ski karibu na Chamonix, akafa. Maandishi yake yalitolewa mwaka 1956, lakini ndugu yake Herzog aliyatengeneza, na maneno mengi makali yalikatwa. Toleo kamili lilipatikana mwaka 1996 tu. Humo Lachenal anaeleza kwamba hakwenda kileleni kwa ajili ya fahari ya taifa. Alikwenda kwa sababu aliamini kwamba Herzog akiachwa peke yake hatarudi, na kwamba mpanda mlima hamwachi mwenzi wake wa kamba.

Upungufu mwingine unawahusu Washerpa, waliobeba mizigo kupanda na waliobeba majeruhi kushuka. Jioni ya kuamkia siku ya kilele Herzog alimwalika mnyapara wao, Ang Tharkey, afuatane nao hadi juu. Ang Tharkey alishukuru, akasema miguu yake imeanza kuganda, akateremka. Herzog anaistaajabia akili hiyo, ingawa anakiri kwamba huenda Washerpa nao walistaajabia ya kwao. Msomaji anayejua mwisho wa hadithi ataona ni nani aliyeusoma mlima sawasawa. Hata hivyo kitabu hakimpi Ang Tharkey nafasi ya kusema zaidi ya hapo.

Je, tukitupe kitabu hiki? Hata kidogo. Mahali anaposimulia njaa, baridi, maumivu na kupotea, Herzog ni shahidi wa kuaminika, na masimulizi yake yana nguvu. Mahali anaposimulia utukufu, yamfaa msomaji aende polepole. Wala hatusemi kwamba alidanganya kwa makusudi, maana swali la Lachenal na jibu la Ang Tharkey tumeyapata katika kurasa zake mwenyewe. Tunasema tu kwamba alikuwa mmoja kati ya wengi, na kwa miaka mingi ni yeye peke yake aliyeruhusiwa kuipiga ngoma.

Basi wewe kijana ukikipata kitabu hiki, kisome chote, ukifurahie, na ukifika katika swali lile la Lachenal, simama. Jiulize wewe ungejibu nini kama ungekuwa Herzog, na ungefanya nini kama ungekuwa Lachenal. Kisha uyatafute maandishi ya Lachenal mwenyewe, uyaweke kando ya kitabu cha kiongozi wake, ndipo utoe hukumu yako.