Pongezi kwa Waliotupa Macho ya Chini ya Ardhi

Kaliua, kwenye reli ya Tabora kwenda Kigoma, maji ya kisima hayajitangazi. Sehemu kubwa ya Unyamwezi imekaa juu ya granaiti, mwamba usioweka maji ila kwenye nyufa na tabaka lililolainika juu yake. Kuchimba kwa kubahatisha ni kuzika fedha.

Kwa hiyo kwanza mpimaji huchomeka vyuma vinne ardhini: viwili vya nje hupitisha umeme, viwili vya ndani hupima volti. Vya nje vikitanuliwa, umeme huzama zaidi. Mfaransa Conrad Schlumberger alianza majaribio ya kupima ardhi kwa umeme mwaka 1912. Kwa miaka mingi grafu za vipimo hivyo zililinganishwa kwa jicho na michoro iliyochapwa, kazi ya kuchosha kwelikweli. Leo programu kama IPI2Win, iliyotoka Chuo Kikuu cha Moscow, hukisia matabaka, hukokotoa na kujirekebisha mpaka hesabu ikaribiane na vipimo.

Walioiandika programu hiyo hatuwaoni kisimani, ndiyo maana nawapongeza. Hasa kwa kuonyesha kiasi cha kosa badala ya kulificha. Udongo wa mfinyanzi na mchanga wenye maji huweza kutoa namba zilezile. Hapo mpimaji hufungua kumbukumbu za visima vya jirani kabla ya kuita mtambo wa kuchimba.