Kambi ya Vijana, Makazi ya Wazee

Makazi ya wazee yanayostahili kuchunguzwa kuliko yote mjini Lubumbashi hayakujengwa kwa ajili ya wazee. Ni kambi za Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906 na kutaifishwa baada ya uhuru, ambayo tunaijua leo kwa jina la Gécamines. Kwa miongo mingi kampuni ilimpa mtu wa kazi nyumba, posho, hospitali na shule ya watoto, kwa sharti kwamba awe bado na nguvu za kufanya kazi. Sasa nguvu zimekwisha na mtu bado yumo ndani ya nyumba ileile. Nashikilia kwamba ramani ya kambi hizo, iliyochorwa kwa sababu ambazo hazikuwa njema, ina mambo ambayo mzee anayahitaji kuliko jengo lolote jipya, na kwamba atakayetaka kuwajengea wazee wa Katanga aanze kwa kuisoma.

Hadi katikati ya miaka ya 1920 kampuni ilitegemea vibarua wa muda mfupi walioletwa kutoka mbali, wakiwemo wa Rhodesia ya Kaskazini. Wengi waliugua na kufa, wengine walitoroka, na kuwatafuta wengine kila mara kulikuwa ghali. Kuanzia mwaka 1928 hivi siasa ikabadilika: mikataba ikawa ya miaka mitatu, mke akakaribishwa, watoto wakahesabiwa kuwa mtaji. Daktari Léopold Mottoulle, aliyesimamia siasa hiyo, aliieleza waziwazi katika kitabu alichochapisha mwaka 1946. Mtoto aliyezaliwa na kulelewa kambini hatahitaji kutafutwa kijijini akishakua. Hapo ndipo nyumba ilipoanza kuwa ya familia na mistari ya nyumba ikapangwa karibu na zahanati, shule, kanisa na mahali pa kugawia posho. Mama aliyebeba mtoto mgongoni alitakiwa afike kliniki kwa miguu na arudi kupika bukari kabla mumewe hajatoka kazini. Umbali uliopimwa kwa miguu ya mama huyo unamfaa sana mtu mwenye fimbo, ingawa hakuna aliyekuwa akimfikiria mtu mwenye fimbo. Yeye alitakiwa arudishe nyumba mkataba unapokwisha, aende kijijini au ajitafutie kiwanja katika miji ya Waafrika, kama Katuba, au Ruashi iliyojengwa na Office des Cités Africaines, shirika lililoanzishwa mwaka 1952.

Kilichobadilisha mambo ni kuanguka kwa kampuni yenyewe. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, kisha mambo yakaenda mrama, mpaka mishahara ikawa ya kungojea miezi na miezi. Mwaka 2001 mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alitoa kitabu kuhusu familia za wafanyakazi hao, na jina lake tu linatosha: wana wa Shaba waliotelekezwa na baba yao. Miaka miwili baadaye, kwa fedha za Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliachishwa kazi katika mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Hiari gani, kwa mtu anayedai mishahara ya miaka? Lakini nyumba za kambi ziliuzwa kwa waliokuwa wakikaa ndani yake. Aliyekuwa na miaka 25 kazini wakati ule aliajiriwa kabla ya mwaka 1979, kwa hiyo leo anakaribia miaka 70 au ameshaipita. Hivi ndivyo kambi ya vijana ilivyogeuka kuwa mtaa wa wazee wenye nyumba zao, bila mchoraji yeyote kukaa na kupanga.

Angalia kiwanja kimoja. Nyumba imesogea karibu na njia, baraza lake dogo likitazamana na la jirani wa ng'ambo, kwa hiyo mzee asiyeonekana barazani hadi saa nne asubuhi ataulizwa habari zake. Ardhi ni tambarare na hakuna ngazi za kupanda. Nyuma kuna jiko la makala, mwembe au mparachichi, na mvua za Novemba zikianza, mistari ya mahindi hadi ukutani. Pembeni mwenye nyumba ameongeza vyumba viwili vya matofali, kimoja cha binti aliyerudi na watoto wake, kingine cha kupangisha. Kodi ya chumba hicho ndiyo pensheni inayofika kwa wakati, na mpangaji akiwa kijana ndiye anayebeba bido la maji. Sasa nenda nyuma kabisa. Choo kiko mwisho wa kiwanja, na usiku wa Juni baridi hushuka chini ya nyuzi 10. Ni shimo la kuchuchumaa, hakuna pa kushika, hakuna taa. Bomba la REGIDESO haliaminiki, na bido la lita 20 ni kilo 20 kwa mgongo uliokwisha kuinama. Wengi wamechimba kisima uani, pengine karibu mno na choo, katika mji ambao kipindupindu kimerudi mara nyingi wakati wa mvua. Marekebisho yenyewe si makubwa: kiti cha sementi juu ya shimo, kipande cha bomba kilichofungwa ukutani cha kushika, taa, na kisima kirefu kimoja kwa mistari miwili ya nyumba. Fundi wa mtaani anaweza karibu yote hayo.

Kuna atakayesema kwamba huku ni kuitamani kambi ya mkoloni. Pingamizi hili lina uzito. Kambi ilikuwa chombo cha kuwachunga watu, na Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waliogoma walipigwa risasi hapahapa mjini. Hata hivyo kosa la usanifu wa kambi halikuwa umbali wa zahanati wala upana wa kiwanja. Ni kwamba bomba, dawa na posho vyote vilitoka mkononi mwa mwajiri mmoja, na mkono huo uliponywea hakukuwa na mwingine wa kuupokea. Ndiyo maana sishauri kampuni mpya ijenge kambi ya wazee na kuiendesha. Kisima na chumba cha muuguzi viwe mali ya chama cha wenye viwanja, chenye akaunti yake. Na nyumba iwe na hati. Mjane asiye na certificat d'enregistrement hana karatasi ya kuwaonyesha ndugu wa marehemu wanapokuja kumtoa, ingawa Sheria ya Familia ya 1987 inamlinda aendelee kukaa katika nyumba ya ndoa. Usanifu mzuri wa choo haumsaidii mtu aliyekwisha kufukuzwa.

Wengine watasema mzee wa Kiafrika hulelewa na wanawe, habari ya makazi ya wazee ni ya Wazungu. Wazungu wenyewe wamekwisha kubadili mawazo: Denmark ilisimamisha kwa sheria ujenzi wa makao ya wazee ya mtindo wa zamani mwishoni mwa miaka ya 1980, ikaelekeza fedha kwenye nyumba za kawaida zenye huduma karibu. Zanzibar ina makao ya wazee ya serikali Sebleni na Welezo, lakini mwaka 2016 iliamua pia kumpa kila mwenye miaka 70 pensheni akiwa kwake, ikianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Makao yabaki kwa asiye na mtu kabisa. Na hapa Lubumbashi mara nyingi malezi yamegeuka, bibi ndiye anayelea wajukuu kwa kodi ya chumba cha uani. Kumtoa hapo na kumpeleka kwenye jengo zuri nje ya mji ni kuvunja nyumba ya watu watano au sita.

Inabaki fedha. Ibara ya 49 ya Katiba ya 2006 inawapa wazee haki ya hatua maalumu za ulinzi, na bajeti haijawahi kuwa rafiki wa ibara hiyo. Lakini Kanuni ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kila kampuni inayochimba itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka mgodi. Kwa mgodi kama wa Ruashi, jamii hizo ni mitaa ya mji. Wakuu wa mitaa na vyama vya wastaafu mnaoitwa kwenye vikao vya kupanga miradi hiyo, ingieni na orodha ya viwanja mkononi: nani hana choo anachoweza kukalia, nani hana hati, kisima kichimbwe wapi.