Maneno ya Mapatano ya Tabianchi na Uzito Wake katika Kiswahili

Mapatano ya mataifa juu ya tabianchi huandikwa kwa lugha sita za Umoja wa Mataifa, nazo ni Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi. Kifungu cha 29 cha Mapatano ya Paris ya 2015 chasema kwamba maandiko ya lugha hizo yana nguvu sawa. Kiswahili hakimo. Basi yote yasomwayo kwa Kiswahili juu ya jambo hili ni tafsiri isiyo na nguvu ya sheria, na mara nyingi ni tafsiri ya gazeti au ya redio iliyofanywa kwa haraka, usiku ule ule mkutano ulipokwisha. Hilo si kosa la watafsiri. Walakini, madhali maneno hayo ndiyo yatumiwayo baadaye katika shule, katika halmashauri za wilaya na katika vyama vya wakulima, yafaa yapimwe.

Jina lenyewe kwanza. Tanzania imekwisha kukubali «mabadiliko ya tabianchi», na Kenya bado «mabadiliko ya hali ya hewa» husikika sana. Hili la pili halifai. Hali ya hewa ni mvua ya leo na jua la kesho, ilhali wataalamu huipima tabianchi kwa wastani wa miaka 30. Mtu akiambiwa kuwa hali ya hewa imebadilika hujibu, na kwa haki, kwamba hubadilika kila siku. «Tabianchi» ni bora, na umbo lake halina aibu: nomino mbili zimeunganishwa pasipo -a ya uhusiano, kama katika «isimujamii». Upungufu wake ni kwamba neno «tabia», lililotoka katika Kiarabu likiwa na maana ya maumbile, limeelekea katika Kiswahili kwenye mwenendo wa mtu. Mtoto aliyebadilika tabia hukemewa yeye mwenyewe.

Lawama kubwa zaidi yaliangukia neno «mabadiliko». Limetokana na «badilika», si na «badilisha». Kitenzi chenye -ik- humwacha mtenda nje ya sentensi: kikombe kimevunjika, nguo imechanika, wala haulizwi nani. Sasa Mkataba wa 1992, katika kifungu chake cha 1, wafasili mabadiliko ya tabianchi kuwa ni yale yatokanayo, moja kwa moja au kwa kupitia jambo jingine, na shughuli za binadamu, mbali na kugeukageuka kwa asili. Jopo la wanasayansi lililoundwa mwaka 1988 hulitumia jina hilo hilo kwa maana pana zaidi, yaani badiliko lolote, liwe limeletwa na nani au na nini. Kiingereza nacho, basi, kina jina moja lenye maana mbili, ila wanasheria wamelifunga kwa fasili. Msomaji wa Kiswahili hapewi fasili hiyo, na umbo la neno lamwambia kinyume chake, kwamba nchi imebadilika yenyewe. Haina haja kuunda istilahi nyingine (istilahi mpya zimekwisha kuwa nyingi kuliko watu wa kuzitumia). Latosha, mahali maana ya Mkataba inapokusudiwa, kuongeza «yaletwayo na binadamu» hapo jina litajwapo mara ya kwanza.

Kisa cha Paris ndicho kinachoonyesha vizuri zaidi jinsi uzito wa neno unavyopotea. Tarehe 12 Desemba 2015 rasimu ya mwisho, katika kifungu cha 4 fungu la 4, ilikuwa imetumia «shall» juu ya nchi zilizoendelea na wajibu wao wa kutangulia katika kupunguza gesi. Marekani haikuweza kukubali, kwa kuwa neno hilo lingeleta wajibu wa kisheria ambao ungehitaji idhini ya Seneti. Likawekwa «should», na badiliko hilo likasomwa mbele ya wajumbe miongoni mwa masahihisho ya kiufundi. Mkutano mzima ulining'inia juu ya neno hilo moja. Katika Kiswahili cha kawaida maneno yote mawili hutafsiriwa «zinapaswa», na shindano zima likatoweka.

Sheria zilizoandikwa kwa Kiswahili zina njia yake ya kusema «shall», nayo ni -ta-: Katiba ya Tanzania ya 1977 huamuru kwa «kutakuwa na». Msomaji wa sheria huielewa kuwa ni amri. Msomaji wa gazeti, akikuta «nchi zilizoendelea zitaendelea kutangulia», huisoma kama utabiri, au ahadi. Kwa hiyo -ta- peke yake haifai nje ya kitabu cha sheria, na «ni wajibu» yafaa zaidi. Kwa «should», «zinapaswa» ni nzito mno, kwa sababu kupaswa ni kufungwa na wajibu. «Zingepaswa» nayo yasema zaidi ya yaliyoandikwa, kwa kuwa -nge- hudokeza kuwa jambo halifanyiki. Pengine ndiyo kweli ya mambo, lakini si tafsiri. Lililo karibu ni «yafaa ziendelee».

Mahali pengine Kiswahili chasema wazi kuliko Kiingereza. Huko Glasgow, tarehe 13 Novemba 2021, India ikiungwa mkono na China ilibadili maneno juu ya umeme wa makaa ya mawe, na rais wa mkutano, Alok Sharma, akawaomba radhi wajumbe. Kwa Kiingereza tofauti ilikuwa kijineno kimoja nyuma ya kitenzi. Kwa Kiswahili ni «kukomesha» na «kupunguza», wala hapana awezaye kuyachanganya. Lililopotea ni kwamba fungu lile lahusu umeme wa makaa ambao gesi yake hainaswi tu. Kwa azimio la Dubai la 2023 juu ya mafuta, gesi na makaa, «kuachana na» kumepita kiasi. Walioachana wamekwisha achana, na azimio lazungumza juu ya mwendo, tena katika mifumo ya nishati. «Kuhama» kungetosha: mwenye kuhama aweza kubeba vyombo vyake kidogo kidogo.

Neno la hatari ni «fidia», litumiwalo kwa mfuko wa hasara na uharibifu uliokubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022. Uamuzi ulioambatana na Mapatano ya Paris, aya ya 51, wasema dhahiri kwamba kifungu cha hasara na uharibifu hakiwi msingi wa dhima wala wa fidia. Mkulima wa bonde la Rufiji aliyeambiwa «fidia» ataidai kama haki, naye atajibiwa kwa maandiko ambayo hakupata kuyasoma.

Yabaki maneno ya sayansi yenyewe. Jopo limeyapa maneno ya yakini viwango: «likely» ni 66 hadi 100 kwa mia, «very likely» ni 90 na zaidi, «virtually certain» ni 99 na zaidi. Kiswahili kina «labda», «huenda», «yumkini», «yaelekea», lakini hapana aliyeyapanga. «Yumkini» huwa ni jambo liwezekanalo kwa msemaji mmoja na jambo lililo karibu na hakika kwa mwingine. «Yaelekea» kwa kiwango cha kwanza na «yaelekea sana» kwa cha pili yangefaa, mradi tarakimu iandikwe kando kila mara. Ripoti ya 2007 ilisema «very likely» kwamba binadamu ndiye aletaye sehemu kubwa ya joto lililoongezeka tangu katikati ya karne ya 20. Ile ya 2021 ikaacha kupima na kusema kwamba binadamu kuipasha dunia joto si jambo la kutiliwa shaka. Watafsiri wameandika «bila shaka» au «hapana shaka». Lakini «bila shaka atakuja» husemwa na mtu ambaye amengojea tangu asubuhi. «Ni dhahiri» haina udhaifu huo.