9.2 Haikustahili Kufutwa

Mwalimu aliposema "futeni, andikeni 9.8", kipindi kilikufa hapo hapo. Mliokuwepo kwenye somo lile la mfano la Kidato cha Pili, huku Marambo, mliona: uzi kwenye nondo ya dirisha, jiwe linaning'inia, saa ya simu inapima mibembeo 20. Zana zilitosha, na kumwingiza mwalimu wa hisabati afundishe pamoja na wa fizikia lilikuwa wazo zuri.

Tubaki na hiyo 9.2 iliyofutwa, thamani ya g (mchapuko wa mvutano) waliyoipata watoto. Karibu kila kundi liliipata, au jirani yake. Makundi yakikosea kila moja kivyake, huo ni uzembe wa kupima. Yakikosea yote upande mmoja, kuna sababu, na ilionekana kwa macho: L, yaani urefu wa pendulamu, ilipimwa kutoka kwenye nondo ikaishia kwenye fundo la uzi, wakati kitovu cha jiwe kilikuwa sentimita 3 chini zaidi. Pendulamu ya sentimita 50 inamaliza mibembeo 20 kwa sekunde 28.4. Ukiiandika 47, g inatoka 9.2. Watoto walikokotoa sawasawa kabisa.

Dawa ilikuwa grafu. Wangebadilisha urefu mara nne au tano, wakachora T (muda wa mbembeo mmoja) mraba dhidi ya L, mstari ungenyooka lakini usingepita kwenye sifuri. Ungekata mhimili wa L kwenye −3. Sentimita 3 zile zile zilizosahauliwa! Na slopu, ambayo kosa hilo haliigusi, ingewapa 9.8 ya halali. Mwalimu wa hisabati alikuwa pale pale, chaki mkononi.

Badala yake watoto wakafundishwa kupika data. Nimelipigia kelele jambo hili tangu enzi za mtihani wa vitendo wa kwenye karatasi kwa shule zisizo na maabara, na tangu 2005, Fizikia na Kemia zilipofanywa somo moja kabla uamuzi ule haujatenguliwa. Likaja agizo la Rais Kikwete la maabara tatu kila sekondari ya kata. Kuta tulijenga. Mazoea ya kuheshimu kipimo hatukujenga.

Mkumbukeni aliyekataa kufuta: Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba mwaka 1963 alipoona mchanganyiko wa aiskrimu ulio moto ukiganda kabla ya uliopoa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Hakufuta. Akiwa sekondari ya Mkwawa, Iringa, akamuuliza jambo hilo Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, naye akaagiza jaribio lirudiwe. Fundi wa maabara akapata jibu la Mpemba, akaahidi kurudia mpaka lije lililo sahihi! Osborne hakuridhika na ahadi hiyo. Alipima zaidi, na 1969 yeye na Mpemba wakachapisha matokeo.

Walimu wa Ruangwa mtakaoliiga somo hili, msiwaonye watoto mapema kuhusu kitovu cha jiwe. Waacheni wapime mpaka kwenye fundo, wachore, kisha waulizeni hiyo −3 imetoka wapi.