Sahihi yangu haifiki kwa jirani

Programu mpya inaomba kuona namba zote za telefone yako, na wewe unafinya « J'accepte ». Nani kati yetu anasoma zile kurasa? Ni Kifaransa cha avoka, na megabaiti zinaisha.

Kule Kenya, programu za kukopesha feza zilisoma namba za mteja, kisha mama yake na patron wake wakaanza kusumbuliwa juu ya deni lisilo lao. Mwezi wa 9 mwaka 2023, ofisi ya kulinda data za watu ilitoza kampuni Mulla Pride shilingi 2,975,000, kwa sababu ilitumia majina na namba zilizopatikana kwa wengine ili kutuma mesaji za kutisha.

Utetezi tunaousikia kila mara ni huu: mteja alikubali. Hapo mimi nakataa kabisa. Alikubali kwa jina la nani? Sisi wa agronomia tunajua, mwenye shamba anaweza kukuruhusu uvune mihogo yake, lakini ya jirani hapana, hata asaini mara kumi. Namba ya mama mwenye kuuza mchele pale Mangobo ni yake. Yeye hakufinya kitu.

Kwetu Code du numérique iko tangu tarehe 13 mwezi wa 3, 2023. Wenzetu wa droit, mutusomee sehemu ya data za watu hapa hapa, kwa Swahili yetu. Na ninyi wa informatique munaotengeneza programu za soko la Kisangani: kama hamuna kazi na zile namba, musiziombe.