Ufundi wa Kuzima

Mwashaji moto husifiwa. Akipata mwali kwa njiti moja huku upepo unavuma, wenzake humpigia makofi, kisha hukaa wakauzunguka moto wake na picha zikapigwa. Mzimaji hapigwi picha. Kazi yake huja usiku watu wameshaingia mahemani, au alfajiri wengine wakifunga mizigo, naye ameinama juu ya majivu, dumu la maji mkononi, anakoroga tope jeusi. Mimi humheshimu huyu kuliko yule wa kwanza. Kuwasha, ukiwa na kuni kavu, hata mtoto anaweza. Kuzima kuna elimu yake.

Elimu hiyo bibi zetu walikuwa nayo, ila waliitumia kinyume. Wakati kiberiti hakijawa kitu cha kila nyumba, mama hakuuacha moto ufe. Jioni alisogeza kijinga kinene katikati ya mafiga, akakifukia kwa majivu, akaenda kulala. Kulipokucha aliyapangua majivu, kaa likatokeza jekundu. Majani makavu kidogo, pumzi mbili tatu, na uji ukabandikwa. Majivu hayaui kaa. Huliungulisha polepole kwa hewa kidogo mno, na papo hapo hulizuilia joto lisitoroke. Kila aliyelelewa kwenye jiko la kuni analijua hili. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo, akienda kupiga kambi msituni, humaliza kula nyama yake, hupiga teke mchanga juu ya makaa, na huamini kwamba ameuzima moto. Amefanya kilekile alichofanya bibi yake, naye hana haja ya uji wa asubuhi.

Madaktari wa Australia, waliochoka kuwatibu watoto waliokanyaga mabaki ya moto wa kambi, walilipima jambo hili. Moto uliofukiwa kwa mchanga ulikuwa bado na joto la kuunguza saa 8 baadaye. Uliomwagiwa maji ulipoa kwa dakika chache tu. Na lililo baya zaidi ni kwamba mchanga hauonyeshi kitu: juu yake pamepoa, moshi hakuna, mtoto anapita kwa miguu mitupu.

Kosa la namna hii linaweza kufika mbali. Mwishoni mwa Mei 2011, binamu wawili walikuwa kambini katika misitu ya misonobari ya Arizona, Marekani. Kabla ya kwenda matembezini walitaka kuhakikisha kwamba moto wao umekufa, kwa hiyo karatasi ya peremende ikatupwa kwenye majivu. Haikuyeyuka. Wakaondoka. Upepo wa siku zile ukaupata ule moto, nao ukala zaidi ya kilomita za mraba 2,100, eneo linalozidi kisiwa kizima cha Unguja. Ndio moto ulioitwa Wallow, mkubwa kuliko yote katika kumbukumbu za jimbo lile. Husemwa kwamba moto wa kambi hutoroka kwa uzembe. Hawa hawakuwa wazembe kabisa: walijali kiasi cha kujaribu. Walichokosa ni jaribio lililo la kweli, na hapo ndipo ufundi unapoanzia.

Fundi wa kuzima huanza mapema, wakati wengine bado wanaongeza kuni. Hukadiria. Kuni ya mwisho anaitia akijua itakuwa jivu watu wanapoanza kupiga miayo, kwa sababu gogo lililoungua nusu ndilo adui yake mkuu. Kisha humwaga maji, tena si kwa pupa. Maji ya kumwagwa ghafla hurusha mvuke na majivu usoni. Hunyunyiza, akasikiliza mchemko, akakoroga kwa kijiti mpaka chini kabisa, akamwaga tena. Mawe yaliyozunguka moto huyapindua, maana kaa hupenda kujibanza ubavuni mwa jiwe. Magogo huyakwangua upande ulioungua. Huangalia kama pale chini pana mzizi, kwa kuwa moto huweza kuufuata mzizi kimyakimya ndani ya mboji na kutokeza mbali na pale siku kadhaa baadaye. Mwisho huja mkono. Hupitisha mgongo wa kiganja juu ya lile tope bila kuligusa. Pasipo na joto, hutia vidole ndani. Kama hawezi kuviacha humo, hajamaliza. Karatasi ya peremende haina ngozi.

Lakini nusu ya ufundi huu, na pengine nusu iliyo kubwa, iko angani. Mvua ya jana humdanganya mgeni: anaona gogo limelowa, anadhani msitu wote umelowa. Wataalamu wa moto hugawa mimea iliyokufa kwa unene, kwa sababu kila unene una mwendo wake wa kukauka. Nyasi na vijiti vyembamba huenda na hewa ilivyo kwa muda wa saa moja hivi. Tawi la unene wa dole gumba huchukua kama saa 10. Kigogo cha unene wa mkono, kama saa 100. Kwa hiyo kambi iliyonyeshewa jioni inaweza, kufikia adhuhuri ya kesho yake, kuwa na magogo yanayotoa maji na nyasi zinazongoja cheche moja. Na cheche haiendi kwenye gogo.

Marekani, siku ambazo mimea imekauka, unyevu wa hewa umeshuka na upepo ni mkali, idara ya hali ya hewa hutangaza tahadhari ya bendera nyekundu. Vipimo vyake hutofautiana mahali na mahali, ila kwa mpiga kambi maana ni moja: leo hatuwashi. Kwetu tumezoea tahadhari za mvua kubwa na mawimbi ya bahari, na ukame wa nyasi tunauachia macho na pua zetu. Si vibaya, mradi macho hayo yawe yamefundishwa.

Mlima Kilimanjaro unatufundisha kwa lazima. Oktoba 11, 2020, moto ulizuka Whona, mahali pa kupumzikia kati ya kambi za Mandara na Horombo kwenye njia ya Marangu. Taarifa za mwanzo za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ziliwataja wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Watu mamia walipanda kuuzima, wakiwamo wanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka. Miaka miwili baadaye, Oktoba 21, 2022, moto mwingine ukawaka karibu na kambi ya Karanga, kwenye kimo cha mita 4,000 hivi. Oktoba zote mbili, na si ajabu: masika yameshasahaulika, vuli haijashika, na vichaka vya erika vimekauka na huwaka kama vimepakwa mafuta. Mteremko nao huongeza makali. Moto unaopanda huinamia nyasi zilizo juu yake na kuzikausha kabla haujazifikia, na hesabu ya wazima moto ni kwamba kila digrii 10 za mwinuko huuongezea mwendo takriban maradufu. Tena upepo wa mlimani mchana hupanda na usiku hushuka, hivyo pembe iliyokuwa salama wakati wa chai si lazima iwe salama wakati wa chakula cha usiku.

Siku hizi kuni haziruhusiwi Kilimanjaro, watu hupika kwa gesi, na wapo wanaodhani ufundi umekwisha. Umehamia jikoni. Torres del Paine, hifadhi ya Chile, iliunguzwa mwaka 2005 na jiko dogo la mpiga kambi lililopinduka kwenye nyasi kavu. Zaidi ya hekta 10,000 zikaenda. Mtazame basi mpishi wa mlimani anayeijua kazi yake. Jiko analiweka juu ya udongo mtupu, hata kama nyasi ni laini na zinapendeza kukalia. Akimaliza hufunga mtungi kwanza, akaacha mwali ule gesi iliyobaki kwenye mpira, ndipo afunge jiko. Hakuna mgeni anayemsifu kwa hilo. Wanasifu supu.

Kwa hiyo ukienda kambini miezi ya kiangazi, mahali panaporuhusiwa kuni, waulize askari wa hifadhi kabla hujaokota hata kijiti. Bakiza dumu moja lisilonywewa wala kuoshea vyombo. Na mwenzako au mpishi akinusa upepo akasema leo hatuwashi, usimbembeleze. Vaa sweta, kula mkate baridi, kesho umshukuru mbele ya watu.